Ujiji ndiyo kaka mkubwa wa Kigoma

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Ujiji yenye historia ndefu ikaachwa, bandari ikawa Kigoma. Jibu ni maji. Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora; wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliikuta na wafanyabiashara wake mwaka 1858, na mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone pale 1871. Lakini ufuko wake hauna kina, na miaka ya 1870 mto Lukuga ulipofunguka upande wa Kongo, ziwa likashuka, mji ukabaki mbali na maji. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa dhidi ya upepo. Wajerumani wakafikisha reli hapo 1914, na meli ya Liemba ikaunganishwa hapo hapo.

Ila watu wa Ujiji hawakuhama! Waha, Wamanyema waliotoka ng'ambo, Waswahili wa pwani, wote wapo. Nenda asubuhi ukaone akina mama wanavyotandaza dagaa mchangani, samaki wakiwa bado wanameta. Miembe ya njia ya misafara nayo ingalipo, na inaniuma sana kuona mmoja ukikatwa.