Re: Flenji zinalika kwa mshazari, magurudumu mapya hayajasaidia

Salama mkuu. Nikikuelewa vizuri: behewa bapa la reli yenye upana wa mita moja, bogi (vigari vya magurudumu chini ya behewa) za vipande vitatu, yaani fremu mbili za pembeni na bolsta, boriti inayoziunganisha katikati; flenji (kingo za magurudumu zinazoyazuia kutoka relini) zinalika kona mbili za mshazari kwenye bogi moja tu, na magurudumu mapya yameanza kulika vilevile.

Acha magurudumu kwanza. Behewa likiwa tupu, kwenye reli iliyonyooka na sawa, pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) nafasi ya saidi bea zote nne, yaani vituo vya pembeni kati ya bogi na behewa. Zikibana, bogi haigeuki vizuri njia inapopinda, au inageuka na hairudi. Uzito unatakiwa ukae kwenye sahani ya kati, pale behewa linapokalia katikati ya bogi. Pini ya kati haibebi mzigo, inashikilia tu. Kwa hiyo mkinyanyua, angalieni sahani: lina (bamba la kati linalolika badala ya sahani) imekwisha? Sahani imekauka?

Saidi bea za kona mbili za mshazari zikibana na nyingine zikiachia, ama fremu ya chini imejipinda ama springi zimevunjika. Badilishaneni bogi za mbele na nyuma, mpime tena. Hitilafu ikihama na bogi, fungueni springi. Ikibaki palepale, ni fremu. Msikimbilie kuweka shimu (vibati vya kujazia nafasi), zinaficha ugonjwa. Na tafadhali, asiingie mtu chini ya behewa lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Saidi bea zikiwa sawa, ningeshuku kabari za bolsta (zinazoibana bolsta kwenye fremu za pembeni) zimelika na bogi inakwenda mshazari. Hilo siwezi kulithibitisha bila picha. Tuma picha ya kabari, pamoja na vipimo vya kona zote nne.