Redio ya "masafa ya juu" iko juu ya nini?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu mawasiliano ya ndege za kijeshi. Nimeandika: "Ndege ya kivita hutumia redio ya masafa ya juu na mawasiliano ya setilaiti, ambazo zote huakisi sauti hadi kituoni." Mhariri amenirudishia sentensi ikiwa na alama ya kuuliza juu ya "masafa ya juu". Ana hoja?

JIBU: Anayo, tena si hapo tu.

Neno "masafa" lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya umbali, na maana hiyo bado iko palepale: tunasema kombora la masafa marefu. Baadaye tukalibebesha kazi ya pili, ya kutaja idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Mtangazaji akisema "tunasikika kwenye masafa ya FM", hakuna anayepotea. Lakini weka "masafa ya juu" karibu na neno "ndege" uone: msomaji anainua macho angani, anadhani ni redio ya kutumiwa ndege ikiwa imepaa mno.

Mtego wa pili ni wa jina lenyewe. Redio unayoizungumzia, HF (kifupi cha Kiingereza "high frequency", yaani hiyo hiyo "masafa ya juu"), hufanya kazi kati ya megahezi 3 na 30, megahezi moja ikiwa mitetemo milioni moja kwa sekunde. Iliitwa ya juu zamani, vipimo hivyo vilipoonekana vikubwa. Leo marubani wa kijeshi walio karibu na kituo, au wanaosemezana wao kwa wao, hutumia zaidi megahezi 225 hadi 400. Basi hiyo "ya juu" yako ndiyo ya chini kuliko zote mle ndani!

Mimi ningeandika "redio ya mawimbi mafupi", kisha nikaongeza HF mara moja ili fundi naye atulie. Najua wasikilizaji wa zamani wamezoea "masafa mafupi", lakini katika makala hii ningelikwepa. Kilicho kifupi ni wimbi, lenye urefu wa mita 10 hadi 100. Safari yake inavuka bahari. Ukiandika kwamba redio ya masafa mafupi ilisikika kilomita 4,000 kutoka ilipo, msomaji atacheka, na hatakuwa na kosa.

Sasa "huakisi sauti". Sauti ikiakisiwa tunapata mwangwi. Hapa kinachosafiri ni mawimbi ya redio. Kwa HF, kitenzi hicho kinavumilika: mawimbi hupanda hadi ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, hupindwa huko, yakatua ardhini mbali sana. (Jua likizama tabaka hilo hupungua nguvu, ndiyo sababu usiku mtu wa redio huteremka kwenye kilohezi chache zaidi.) Setilaiti haifanyi hivyo. Yenyewe hupokea mawimbi, huyaongeza nguvu na kuyarusha upya, kwa kawaida kwenye masafa mengine. Ile inayokaa juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini, na neno la rubani huchukua takriban robo sekunde kupanda na kushuka. Kwa hiyo: "hupokea na kurusha upya".

"Mawasiliano ya setilaiti" yameshaenea, sitayapiga vita. Ila "kwa njia ya setilaiti" humwambia msomaji kwamba chombo hicho ni njia tu, wanaowasiliana ni wengine. Setilaiti au satelaiti? Chagua moja ubaki nayo.

Na "ndege ya kivita" irudishe kwa mwenyewe, yaani ile ya kushambulia. Watumiaji wakubwa wa HF ni ndege za kubeba mizigo na za kujazia nyingine mafuta angani. Hizo ni za kijeshi, si za kivita.

Ningeiandika hivi: "Ikiwa mbali na kituo, ndege ya kijeshi huwasiliana kwa redio ya mawimbi mafupi, HF, ambayo mawimbi yake hupindwa na ayonosfia yakarudi ardhini, au kwa njia ya setilaiti, ambayo huyapokea na kuyarusha upya."

"Masafa" usiyafukuze kabisa. Ukifika mahali pa kusema kwamba Jeshi la Anga la Marekani husikika kwenye masafa ya kilohezi 11,175, liache neno hapo hapo. Penye namba na kipimo, hakuna atakayefikiria umbali.