Waya wa ampea 16 katika chumba cha nyuzi 50

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina waya wa ekstensheni wa milimita mraba 1.5, wa PVC, umeandikwa ampea 16. Unalisha mashine ya wati 3,000 ndani ya chumba cha boila ambako kipimajoto husoma nyuzi 50. Nimepiga hesabu: wati 3,000 kwa volti 230 ni ampea 13, kwa hiyo nina akiba ya ampea 3. Fyuzi haijawahi kukatika. Ila waya ukiushika unachoma, na ganda limeanza kulegea. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hesabu yako ya ampea ni sawa, ulichosahau kukiingiza ni hicho chumba. Ile 16 imekadiriwa kwa hewa ya nyuzi 30, na ganda la PVC la kawaida huvumilia shaba iliyomo ndani ifike nyuzi 70, basi. Kati ya 30 na 70 kuna nafasi ya nyuzi 40, na nafasi hiyo ndiyo mtaji wa waya, maana joto hutoka ndani kwenda nje pale tu ambapo nje kuna ubaridi zaidi. Kwako nje ni 50. Mtaji umebaki nyuzi 20, nusu nzima imeliwa kabla hujawasha mashine.

Usikimbilie kugawa ampea nazo kwa mbili. Joto linalozalishwa ndani ya waya hufuata mraba wa mkondo: punguza mkondo uwe nusu, joto litabaki robo. Kwa hiyo gawa 20 kwa 40, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, utapata 0.71. Zidisha kwa 16: ampea 11.3. Wewe unapitisha 13. Kwa njia hiyohiyo nyuzi 40 zinatoa 0.87, nyuzi 60 zinatoa 0.5, na nyuzi 70 zinatoa sifuri. Tarakimu hizi ndizo zilizomo kwenye majedwali ya ufungaji umeme, na mafundi wengi huzikariri bila kujua kwamba zinatoka kwenye hesabu ya mistari miwili.

Fyuzi usiilaumu. Inapima mkondo unaopita ndani yake, haina habari na waya uliolala kando ya boila. Ampea 13 kwake ni mzigo wa kawaida kabisa.

Huko kulegea ndiko kunakonitia wasiwasi. PVC ikipata moto hulainika, na mahali ambapo waya umekunjwa au umekaliwa na kitu kizito, shaba za ndani huweza kujisogeza taratibu hadi zikakaribiana. Baadaye vilainishi vilivyomo hutoka, ganda linakauka na kupasuka. Waya uliofika hapo haurudi kuwa mzima hata ukipozwa. Uondoe leo.

Wa milimita mraba 2.5 kwa kawaida hupewa ampea 20, mara 0.71 ni 14.2. Unatosha, ingawa kwa akiba ya kubana. Mimi ningechagua ganda la nyuzi 90, ambalo kwenye chumba hichohicho hupoteza kidogo tu: kizidisho chake ni 0.82. Soma maandishi ya kwenye ganda lakini, usiamini neno “mpira” peke yake, kwani baadhi ya nyaya za mpira zina kikomo cha nyuzi 60, chini ya huu ulio nao. Plagi na soketi nazo zina kikomo chao, na hupokea joto la waya.

Je, sehemu ya waya imebaki imeviringwa? Hukutaja, lakini nauliza kwa sababu wengi hufanya hivyo. Kwa ampea 13 kila mita ya waya wako hutoa kama wati 5. Mita 20 zilizoviringwa ni wati 100 zilizofungiwa pamoja, na hapo hata kizidisho cha 0.71 hakikuokoi. Uukunjue wote, uutandaze.

Kabla ya kununua, kipeleke kipimajoto pale hasa waya unapopita, karibu na boila na juu kwenye dari, si mlangoni. Ukikuta 60 badala ya 50, hata ule wa 2.5 wa PVC haukufai: 20 mara 0.5 ni ampea 10.