Marejeo usiyoyasoma yatakuumbua

Nimemaliza kusahihisha rundo la asaimenti za mwaka wa kwanza na kichwa kinaniuma. Wadogo zangu, akili mnazo, ila mnazionea huruma kuzitumia. Insha baada ya insha inaanza na "wataalamu mbalimbali wanasema", na wataalamu wenyewe hawana majina. Wenye majina ndio balaa zaidi: nikimuuliza mwenye insha kama amewasoma, anaanza kukwaruza meza kwa ukucha. Nawajua kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo.

1. Usibebe marejeo usiyoyasoma. Hapa nina kovu.

Mwaka wa pili tulipewa mada ya hofu ya wazazi kuhusu chanjo, tuandike kisha tuwasilishe kwenye semina. Nilianza saa nne usiku, kazi inatakiwa asubuhi. Nikafungua makala moja, nikasoma ikisiri, nikashuka moja kwa moja hadi kwenye orodha ya marejeo na kuanza kuchuma kama mwizi wa maembe. Nikaokota makala ya Andrew Wakefield na wenzake ya mwaka 1998, iliyotoka kwenye The Lancet. Jarida zito, kichwa kirefu, nikaridhika. Nikaandika kwamba utafiti "umethibitisha" uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji.

Asubuhi nikasimama mbele ya darasa. Mhadhiri wetu, mama mpole asiyepandisha sauti, akauliza, "Walichunguza watoto wangapi?"

"Wengi."

"Wengi kiasi gani?"

Nikasema mamia. Walikuwa 12. Akauliza kuhusu kundi la kulinganisha. Halikuwepo. Akauliza kama najua jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Nikameza mate. Tena hata kabla ya kufutwa, waandishi walikuwa wameeleza humo humo kwamba hawakuthibitisha uhusiano huo. Neno "umethibitisha" nililitunga mimi. Kisha akaomba nisome kwa sauti aya ya ile makala niliyochumia marejeo. Nikasoma. Aya nzima ilikuwa inamkosoa Wakefield! Mwandishi alimtaja ili ampinge, mimi nikamleta kama shahidi wangu. Hakuna aliyecheka. Wenzangu walikuwa wameinama, wanapekua marejeo yao chini ya meza.

2. Kila dai liulize: nani kasema, kwa ushahidi gani, na ni ushahidi gani ungeliangusha.

3. Shajara ya tafakuri, yaani daftari la kujitathmini baada ya kazi, si taarifa ya habari. Mzunguko wa tafakuri wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 una hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchanganuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Ninyi mnapiga kambi kwenye ya kwanza. "Tulikutana saa nane, fulani akachelewa, tukagawana kazi." Kurasa tatu! Kwenye hisia mnamsema huyo huyo aliyechelewa. Uchanganuzi mstari mmoja, na mpango ni "nitajitahidi zaidi". Ujitahidi kufanya nini?

Mimi baada ya ile aibu niliandika kwamba mhadhiri kanidhalilisha. Wiki mbili baadaye nikarudia kusoma, nikaona nimemjadili yeye ukurasa mzima na sijagusa kabisa suala la kuanza kazi saa nne usiku. Ndipo nikaandika mpango wa maana: kila rejeo niweke pembeni, kwa penseli, namba ya ukurasa nilioufungua mwenyewe. Hadi leo naweka.

4. Funika madesa ujiulize maswali, usiyarudierudie kuyasoma. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma waling'ara wakipimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kumbe ule uhakika wa usiku wa kuamkia mtihani ni wa dakika tano.

5. Kubisha kila kitu nako si fikra tunduizi, yaani kupima dai kwa ushahidi. Kuna mmoja wenu huniambia "sikubaliani" kabla sijamaliza sentensi; nikimuuliza hakubaliani na nini, ananiomba nirudie. Mwingine, mkimya, hakai hata mbele, alinifuata jana na daftari lake akisema mwaka niliouandika kwenye slaidi ya wiki ya tatu haufanani na ule wa kwenye makala yenyewe. Alikuwa ameifungua, ameupigia mstari. Nikaangalia. Yuko sahihi. Nimempa slaidi zote zilizobaki azikague.