Pikapu inagonga ko! ukitia gia? Usikimbilie kushusha difu

Hii nawaandikia vijana mlioingia gereji karibuni, khasa huku Pemba ambako pikapu za mkono wa pili ndo nyingi na vilima haviishi. Mteja anakuja anakwambia "fundi, nikiondoka inagonga chini", na wewe hata hujaingia uvunguni nshakusikia "difu hiyo", yaani lile boksi la gia katikati ya eksili ya nyuma. Mie nshalifanya hilo. Nilishusha difu nzima ya mzee mmoja mbeba karafuu, siku mbili chini ya mwembe, oili yote nshamwaga, kumbe difu haina neno lolote, krosi ya propela ndo imekwisha (propela ni lile bomba linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, krosi ni kiungo cha kwenye ncha yake). Mzee akalipa krosi tu, kazi ya difu nikaimeza mwenyewe.

Mlio wa chuma unasafiri bwana. Propela ni bomba tupu ndani, krosi ya mbele ikigonga dereva atakuapia kuwa mlio unatoka nyuma. Kwa hiyo muulize inagonga wakati gani, si wapi. Ikiwa ni ukiachia mafuta kisha ukakanyaga tena, ko moja, basi pana uwazi mahala, krosi, difu au hata mauntini za injini, ile mipira inayoikamata injini. Ikigonga pale gari inaposimama, au ndo inataka kuondoka tu, nashuku spilaini ya propela (yale meno yanayoteleza ndani na nje) imekauka grisi, haitelezi, inakwama halafu inaachia kwa kishindo. Na ikigonga kwenye mashimo wala hujagusa mafuta, wacha propela, nenda kwenye bushi za springi, shekeli (vyuma vinavyoshika ncha ya springi) na shokapu.

Sasa ingia chini. Pikapu kimo chake kirefu, jeki haihitajiki, mataya yabaki ardhini pahala sawa (si kwenye mteremko tafadhalini), tia mawe mbele na nyuma ya taya, zima injini, gia nyutro, handibreki achia. Mkono mmoja shika propela, mwengine shika upande wa pili wa krosi, zungusha kwenda na kurudi. Wengi hapa wanatizama propela inazunguka kiasi gani, siyo, itizame krosi yenyewe. Upande mmoja ukitangulia na wa pili ukachelewa, hata unene wa kucha, hiyo imekufa. Ukiona na unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vinavyofunika ncha nne za krosi ndo basi tena. Gari zinazoshuka pwani kuchukua samaki na mwani zitizame kwa jicho kali zaidi, maji chumvi yakishaingia mule grisi haina kazi. Kama propela yako ni ya vipande viwili tikisa na senta bearingi, ile inayoishika propela katikati, mpira wake ukichanika propela inaninginia na kugonga.

Krosi zote nzima na bado inacheza? Hapo ndo uje kwenye difu. Lakini kila difu ina chezo yake kidogo, krauni na pinioni, zile gia mbili za ndani yake, haziwezi kubanana kavu, usimtie mtu gharama kwa hilo. Shika flenji ya pinioni (ile sahani propela inapofungiwa kwenye difu) uitikise juu chini, hapo haitakiwi icheze kabisa, ikicheza ni bearingi. Na kabla hujatoka tia spana kwenye yubolti za springi, zile bolti za umbo la U zinazoifunga eksili, zikilegea eksili inasogea kila ukitia gia, utanunua spea zote za dukani na mlio uko pale pale. Mauntini nazo rahisi, fungua boneti, mwenzako akanyage breki sawasawa atie namba moja aachie klachi kidogo tu, kisha rivasi, injini ikinyanyuka kama inataka kuruka umeshajua. Usisimame mbele ya gari wakati huo, simama ubavuni.

Haya, umeamua ni krosi. Kabla ya kufungua propela piga alama kwenye flenji zote mbili irudi ilivyokuwa, ukiikosea gari itatetemeka na lawama ni zako. Wakati wa kupachika krosi mpya angalia zile sindano (vyuma vyembamba vya bearingi) ndani ya kikombe, moja ikianguka chini kikombe hakiingii mpaka mwisho na klipu ya kukizuia kisitoke inagoma kukaa. Nimeona mtu anasaga klipu kwa tupa ili iingie! Toa kikombe, isimamishe sindano, zigandishe kwa grisi, rudisha. Halafu piga grisi mpaka uione inatoka pande zote nne.