Kumlisha Kambare Akaaye Chini ya Tangi: Ushauri kwa Mfugaji Anayeanza

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo nyumbani huambiwa mara nyingi kwamba kambare mdogo ni msafishaji wa tangi, kwamba ataokota makombo ya wenzake na kula uchafu wa sakafuni, na kwamba kwa sababu hiyo hana haja ya kutengewa chakula. Katika muda wote niliofuga samaki hawa, sijakutana na kauli iliyowaponza wengi kuliko hiyo. Kambare hawa hawaishi kwa kinyesi cha samaki wengine, na katika tangi linalolishwa kwa kiasi, makombo yanayofika chini ni machache mno kumtosha hata mmoja. Yakiwa mengi kiasi cha kumshibisha, ujue kwamba tangi lenyewe limo hatarini, kwa maana chakula kinachooza hutoa amonia, na amonia huwaunguza samaki matamvua. Kwa hiyo ombi langu kwako ni hili: mhesabu kambare kuwa mlaji kamili, mwenye chakula chake, mahali pake na wakati wake wa kula.

Kabla ya kununua chakula, fahamu kwanza ni kambare gani uliye naye. Duniani kuna zaidi ya aina 3,000 za kambare, na hata hao wachache wanaofugwa katika matangi ya kioo hawali chakula kimoja. Kinywa chake kitakueleza mengi. Corydoras ana kinywa kidogo kinachoelekea chini, kimezungukwa na sharubu fupi anazozitumia kupekua mchanga. Huyu hutafuta wadudu wadogo, minyoo na mabuu. Ancistrus na Otocinclus wana kinywa cha kufyonza, ambacho hujibandika juu ya kioo, jiwe au jani na kukwangua mwani pamoja na utando wa viumbe wadogo ulioshika hapo. Synodontis, ambao asili yao ni mito na maziwa ya Afrika, hula karibu kila kitu na huamka giza linapoingia. Wako pia wawindaji, kama Pimelodus pictus, ambao humeza samaki yeyote anayeingia kinywani mwao, na hao hawafai kuwekwa pamoja na samaki wadogo hata ukiwashibisha namna gani.

Nianze na Corydoras, kwa kuwa ndiye anayefikia wafugaji wengi mapema. Msingi wa chakula chake uwe vidonge vidogo vinavyozama, vyenye protini ya samaki, kamba au wadudu. Chakula cha vipande vyembamba vinavyoelea hakimfai, kwa sababu wenzake wa juu hukimaliza kabla hakijashuka, na kile kinacholowa na kushuka huwa kimekwisha kupoteza sehemu kubwa ya vitamini zake majini. Mara mbili au tatu kwa juma mpe pia mabuu mekundu, artemia au dafnia (viumbe wadogo sana wa majini) waliogandishwa. Viyeyushe kwanza katika kikombe cha maji ya tangi, umwage maji hayo, kisha uwatie samaki chakula peke yake. Utaona jinsi kundi zima linavyochangamka, sharubu zikitetemeka juu ya mchanga, kwani ngozi ya kambare na hasa sharubu zake zimejaa viungo vya kuonjea, naye huonja kitu kabla kinywa hakijakigusa.

Hapo ndipo sakafu ya tangi inapoingia katika habari ya chakula, ingawa wengi huitazama kama pambo tu. Corydoras huuchota mchanga mlaini kinywani, akabakiza chembe za chakula na kuutoa mchanga kupitia matamvua. Juu ya changarawe kubwa hawezi kufanya hivyo, na chakula huzama katikati ya mawe asikokifikia, kikaozea humo. Changarawe yenye ncha kali, tena iliyojaa uchafu, huendana na sharubu zilizolika na kuota vidonda, na kambare aliyepoteza sharubu hupata taabu kukitafuta chakula hata kikiwa karibu naye. Iwapo hujanunua sakafu bado, nakusihi uchague mchanga laini. Uwaweke pia wengi kidogo, sita au zaidi, kwa kuwa Corydoras aliye peke yake hujificha na kula kwa hofu.

Wale wenye kinywa cha kufyonza wanahitaji mboga na mwani. Kwa Ancistrus, vidonge bapa vyenye mwani vinafaa kuwa chakula cha kila siku, naye aongezewe kipande cha tango, boga changa, majani ya spinachi au njegere zilizomenywa. Mboga ngumu ichemshwe kidogo ili ilainike na kuzama, au ishikizwe kwa jiwe safi. Usishangae akiipita siku ya kwanza. Weka tena siku inayofuata, mahali palepale, na mara nyingi ataizoea. Kipande chochote kisikae majini zaidi ya siku moja. Protini ya wastani haimdhuru, lakini chakula chenye nyama nyingi kila siku hakiufai utumbo wake mrefu uliozoea mimea, na tumbo linaweza kuvimba. Mpe vilevile kipande cha mti ulioandaliwa kwa ajili ya matangi, kwa kuwa hupenda kuukwangua na kujisitiri chini yake. Hata hivyo, mti si mlo kamili: hata Panaque, ambaye hutafuna mti kweli kweli, anahitaji chakula kingine.

Otocinclus ndiye anayenitia huzuni kuliko wote. Ni mdogo, mpole, na wengi wao huvuliwa mitoni, hivyo hufika dukani baada ya safari ndefu wakiwa wamekwisha kukonda. Mfugaji mgeni humtia katika tangi jipya linalong'aa kwa usafi, ambamo hamna utando wala mwani wa kukwangua, na samaki hufa kwa njaa huku vidonge vikimlalia karibu, kwa sababu hajavitambua kuwa chakula. Usimnunue mpaka tangi lako limekaa miezi kadhaa na mawe yake yameota mwani. Dukani, mtazame tumbo: ukiliona limebonyea, mwache. Ukimfikisha nyumbani, acha kioo cha nyuma bila kukisugua, na umzoeshe taratibu mboga laini iliyobandikwa karibu na pale anapopenda kutulia.

Kuhusu wakati, kambare wengi huwa macho zaidi jioni na usiku. Kwa sababu hiyo, tia chakula chao baada ya kuzima taa ya tangi, wakati samaki wa mchana wameanza kutulia. Kama una samaki wa juu wenye pupa, walishe wao kwanza upande mmoja, na wakiwa wameshughulika huko, shusha vidonge upande wa pili karibu na maficho ya kambare. Mrija wa plastiki uliosimamishwa majini hukifikisha chakula hadi mchangani bila kunaswa njiani. Pakiwa na kambare mkubwa anayelinda eneo lake, gawa chakula sehemu mbili au tatu zinazoachana, la sivyo mmoja atanenepa na wenzake watadhoofu. Kisha kaa mbali na uangalie kwa muda. Mtu anayetia chakula na kuondoka hana njia ya kujua ni nani aliyekula.

Kipimo ndicho kigumu kukifundisha kwa maandishi, na maelekezo ya kwenye pakiti hayajui una samaki wangapi. Anza na kidogo: kwa Corydoras wadogo, kidonge kimoja au viwili vidogo kwa kila samaki mara moja kwa siku, halafu urekebishe kwa kutazama matumbo. Tumbo la kambare mwenye afya, ukilitazama kutoka mbele, ni bapa au lina mviringo mdogo. Likibonyea kwa ndani, au macho yakizama, samaki huyo ana njaa au ana ugonjwa wa ndani kama vile minyoo. Likibaki limevimba hata asubuhi, punguza. Wachanga wanaokua walishwe kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, na watu wazima wanaweza kukosa mlo siku moja kwa juma bila madhara. Corydoras akipanda juu ghafla na kugugumia hewa, usidhani anaomba chakula: samaki huyu hupumua pia kwa sehemu ya utumbo wake, na kufanya hivyo mara moja moja ni kawaida yake. Akirudia kila wakati, pima maji na uongeze mzunguko wa hewa.

Asubuhi, kabla ya jambo lolote, tazama sakafu. Chakula kilichobaki kivutwe kwa mpira wa kunyonyea maji, na usiku unaofuata upunguze kipimo. Kubadilisha takribani robo ya maji kila juma, huku ukivuta uchafu juu ya mchanga, hutosha kwa matangi mengi ambayo hayajasongamana. Katika tangi jipya, ambalo bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati hawajaenea, punguza chakula na upime maji mara kwa mara. Amonia na nitriti zote mbili zinapaswa kusoma sifuri. Kambare huathirika mapema maji yanapoharibika, kwa sababu wanaishi pale pale uchafu unapotulia.

Chakula chenyewe nunua pakiti ndogo, ukifunge vizuri na kukiweka mahali pakavu pasipo joto. Vitamini hupungua pakiti ikishafunguliwa, kwa hiyo kopo kubwa linalodumu mwaka mzima halina unafuu kama linavyoonekana.

Ukisafiri siku chache, kambare mzima mwenye afya atastahimili bila kulishwa, nami naona ni salama zaidi kumwacha hivyo kuliko kumkabidhi mtu asiyezoea, ambaye kwa huruma atamwaga nusu ya kopo. Safari ikiwa ndefu, gawa chakula katika vifurushi vidogo, kila kimoja kiandikwe siku yake, na kopo lenyewe ulifiche. Mwoneshe msaidizi wako mahali pa kudondoshea vidonge, umwambie azime taa kwanza, na umwachie agizo la kutoongeza chochote hata kama kambare wataonekana wanatafuta, kwa maana kambare hutafuta chakula saa zote wanazokuwa macho.