Maoni Yangu Kuhusu Deni la Taifa Niyapeleke Wapi?

SWALI: Mimi ni mstaafu, mkazi wa Umoja, Nairobi. Siku zote nimeamini kwamba serikali, kama mwenye nyumba, haina budi kutumia kadiri ya mapato yake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Vijana wangu husema hayo ni mawazo ya zamani. Sheria inasemaje, nami nifanye nini wajukuu wasirithi madeni?

JIBU: Mzee wetu, mawazo hayo yamo ndani ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 201 kinataka mizigo na manufaa ya mikopo ya umma igawanywe kwa haki kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, sehemu ya 15, inaagiza kwamba mikopo igharimie maendeleo, si mishahara na matumizi ya kila siku, na angalau 30% ya bajeti iende kwenye maendeleo. Tangu 2023 kikomo cha deni ni 55% ya pato la taifa, deni likikokotolewa kwa thamani ya sasa, yaani malipo yake ya baadaye yakipimwa kwa thamani ya fedha za leo.

Lakini usipinge kila mkopo. Linganisha umri wa deni na umri wa kitu kilichonunuliwa. Barabara ya kudumu miaka 30 ikilipwa kwa miaka 20, mjukuu analipia anachokitumia. Ubaya ni mkopo wa kulipia mkopo. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa Yurobondi, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji wa nje, ya miaka 10, riba 6.875%. Ilipokaribia kuiva, yaani muda wa kuilipa kufika, Februari 2024, sehemu kubwa ililipwa kwa bondi mpya ya dola bilioni 1.5, riba 9.75%. Deni likahama, tena kwa bei ya juu zaidi, na anayeligharamia ni mtoto aliyekuwa hajaanza shule lilipokopwa. Hapo hofu yako ina msingi kamili.

Sasa muda, maana hapa ndipo wengi hukosea. Watu huamka Juni, Mswada wa Fedha, ule wa kodi, unapojadiliwa. Wakati huo ukubwa wa matumizi umeshakubaliwa na kilichobaki ni kutafuta nani atozwe. Mswada wa 2024 ulipokataliwa baada ya maandamano, ilibidi matumizi yakatwe kwa bajeti ya nyongeza. Mlango wa kweli ni Taarifa ya Sera ya Bajeti, ambayo Hazina ya Kitaifa huifikisha Bungeni kufikia Februari 15. Humo ndimo pengo la bajeti na kiasi cha kukopa hupangwa, na Bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Makadirio ya bajeti yenyewe hufuata kufikia Aprili 30.

Waraka huo ni mrefu. Mwombe mjukuu aupakue kwenye tovuti ya Hazina na kutafuta maneno ya mikopo na riba. Kisha mwandikie Karani wa Bunge la Taifa kurasa mbili, si zaidi. Taja ukurasa na fungu, kiasi unachotaka kipunguzwe, na sababu. “Punguzeni deni” haimsaidii mbunge yeyote. “Fungu hili la safari lipungue kwa kiasi hiki” lina pa kushikwa. Angalia tarehe ya mwisho kwenye tangazo la Bunge gazetini la kuomba maoni, kwa kuwa barua iliyochelewa haiingii kwenye ripoti ya kamati.

Ukitaka hatua kubwa zaidi, peleka ombi rasmi kwa Bunge. Kiswahili kinakubaliwa, hata kwa mwandiko wa mkono. Weka jina, anwani na sahihi, eleza ulishajaribu wapi kutafuta suluhisho, sema kama jambo hilo liko mahakamani, na umalizie kwa kutamka wazi unaloomba. Lugha iwe ya heshima.

Ofisi ikikunyima hati, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa siku 21 kukujibu. Ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kaunti ya Nairobi nayo ina ratiba yake: waraka wake wa mkakati wa fedha hutoka kufikia Februari 28. Muulize mwakilishi wadi wako kama mishahara imevuka 35% ya mapato, kikomo kilichowekwa na kanuni za 2015.